Mguu wa Kusimamia Slava

Gornja Vrela, 4 Oktoba

Mguu hauumi. Vidoje, mwanangu, mguu wa mama yako hauumi. Nimeliandika hili kabla ya salamu kwa sababu salamu unazijua na hili hulijui. Kifundo kile cha kulia, kile nilichokivunja nilipoteleza na kreti ya matunda ya rasiberi mwaka ule wa mvua nyingi, kile kilichoninyima usingizi kikanifanya nishuke ngazi kinyumenyume kama ng'ombe. Kimenyamaza.

Sasa salamu. Hujambo, nafsi ya mama? Mkwe wangu Biljana hajambo? Na wajukuu wangu, Vuk bado anakataa supu? Mwambie Teodora anichoree tena ua chini ya barua, nimeyabandika yote juu ya kitanda na pamebaki nafasi.

Sikia ilivyokuwa. Nilikwenda Belgrade na Persida, maana ana mpwa wake huko wa kutupokea, na pia alitaka kuona kwa macho yake, unamjua jirani yetu. Daktari ni mwanamke, kijana, vidole vyembamba. Akanipaka ute kwenye kifundo, akaweka ile mashine ya kuangalizia wajawazito. Nikamwambia, "Daktari, humo hutakuta mtoto, umechelewa miaka mingi." Akacheka mpaka akaweka mashine chini. Akanionyesha kwenye kioo mishipa ya fahamu, ile inayopeleka maumivu kichwani. Akanichoma ganzi, kisha akaingiza sindano ambayo ncha yake inageuka barafu. Barafu kweli, mwanangu, ndani ya mguu, kidonge kidogo kama punje ya zabibu. Mshipa ukigandishwa unalala. Mwili haukatwi, mfupa haushonwi. Niliingia nimemshika Persida mkono, nikatoka mbele yake kama bibi harusi, yeye nyuma na mikoba miwili akisema, "Kruna, polepole, daktari kasema polepole." Daktari alisema mengi. Wasomi husema mengi.

Unajua kwa nini nafurahi hivi. Mwaka jana siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, nilikaa. Mtakatifu wa nyumba yetu yuko ukutani na mshumaa wake, padri yuko mezani, wageni wanakula, na mimi mwenye nyumba nikavuta kiti nikakaa. Baba yako hakuwahi. Tangu mkate ukatwe mpaka mgeni wa mwisho atoke alikuwa wima, anamimina, anaongeza, anauliza nani hajala. Tangu afe nasimama mimi mahali pako, mpaka siku utakapokuja kuichukua slava yako kwa mikono yako. Nilipokaa wageni wakainamia sahani zao. Persida akasogeza bakuli la maharagwe upande mwingine, kama anatafuta kitu. Hilo liliniuma kupita mguu.

Mwaka huu sikai. Na ninyi mnakuja, ulisema. Nyumba yako uliyoijenga kwa pesa za Austria inakungoja, ghorofa tatu na simba wawili wa mawe langoni. Hakuna nyumba kama hiyo kutoka hapa hadi Ivanjica, wenye magari wanapunguza mwendo wakipita. Mimi nalala kwenye nyumba ya zamani kwa sababu ya ngazi, lakini sasa hata ngazi nitaziweza.

Niandikie, usipige simu. Simu hukatika bondeni, na simu siwezi kumsomea Persida.

Mama yako mwenye miguu miwili,
Krunija


Linz, 19 Oktoba

Mama mpendwa,

Nimefurahi sana. Barua yako nimeisoma mara mbili ndani ya lori, nikisubiri wapakue.

Ila niambie daktari alisema nini. Si ulichosikia wewe, alichosema yeye. Huo mshipa unalala kwa muda gani? Na kifundo chenyewe, mifupa inayosagana mle ndani, imepona au imenyamazishwa tu? Hapa kuna mwenzangu Mkroatia aligandishwa goti, akaambiwa asibebe kitu kizito.

Biljana na watoto wanakusalimu. Teodora ana mitihani, atakuchorea siku nyingine. Kuhusu Desemba, likizo wanabana, lakini tutakuja, Mungu akipenda.

Usipande ngazi za ile nyumba.

Vidoje


Gornja Vrela, 7 Novemba

Mwanangu, barua yako nimemsomea Persida na mume wake Milisav, na Milisav akasema, "Huyo kijana ana akili ya daktari." Nikamwambia angekuwa daktari kweli kama tusingekuwa na rasiberi nyingi za kuchuma.

Uliuliza daktari alisema nini. Alisema nipumzike. Hivyo wanawaambia watu wa mjini, ambao wakipumzika kuna mwingine wa kuwasha jiko. Mimi nikipumzika hapa nani ataona moshi unatoka?

Jumamosi ya wafu nilipanda makaburini kwa miguu yangu. Wote, mwanangu, walikuwa wanaegesha magari chini wanahema, na mimi napita na kapu la ngano iliyochemshwa na mishumaa. Nikamwashia baba yako, nikamwambia, "Dragutin, mwanao anakuja na mguu umepona, sasa lala vizuri." Nimepogoa miti ya rasiberi safu zote za juu. Nimeosha madirisha ya nyumba yako, ghorofa zote tatu, ndani na nje. Chumba cha watoto nimetandika mashuka uliyoleta mwaka ule, bado yalikuwa na karatasi ya dukani. Usinigombeze kwa ngazi. Nilizipanda kama mbuzi.

Kifundo kimevimba kidogo, kama donge la unga lililosahauliwa karibu na jiko. Hakiumi lakini. Na nikuchekeshe: juzi kaa la moto liliruka kutoka kwenye jiko likakaa juu ya mguu wangu, na mimi nakoroga supu, sina habari. Persida ndiye aliyenusa soksi inaungua. Akapiga kelele kana kwamba ni mguu wake. Nikamwambia, "Wewe una wivu, mguu wako unaogopa moto, wangu hauogopi."

Samaki nimeshawaagiza, maana Mtakatifu Nikola huangukia kwenye mfungo na nyama hakuna. Kambare wawili na kapu la samaki wadogo. Biljana anapenda mkia, nakumbuka. Sahani zenu nne nimezitoa kabatini.

Mwambie Teodora mitihani haizuii ua.

Mama


Gornja Vrela, 24 Novemba

Vidoje, ni mimi mama Persida, jirani. Kruna hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanifungia mbwa langoni, kwa hiyo barua hii ukishaisoma ichome.

Nilikuwa ndani ya chumba pale Belgrade. Nilimsikia yule daktari kwa masikio yangu. Alimshika mkono akamwambia, "Mama, mshipa tumeulaza kwa miezi michache, lakini kifundo hatujakiponya. Gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanakukalisha. Sasa hayapo, ni lazima ukae mwenyewe." Kruna akaitikia kwa kichwa, akamuuliza kama ameolewa.

Sasa hakai. Mguu umeanza kupinda kuelekea ndani, mwanangu, anaukanyagia ubavu na hajui. Pale lilipomuunguza kaa pana kidonda ambacho hakisikii, mimi ndiye ninayekisafisha. Kila asubuhi yuko kwenye ngazi za nyumba yako na ndoo. Nikimwambia keti, ananijibu, "Vidoje anakuja, wewe nani anakuja kwako?" Ananitania, namjua, lakini hanisikii.

Barua zako ananisomea kwa sauti. Zamani nilikuwa nafurahi. Siku hizi anasoma maneno mengi kuliko yaliyoandikwa. Juzi alisoma kwamba Biljana ameshanunua koti la kuvaa kwenye slava. Karatasi ilikuwa imegeukia upande wangu, na neno hilo sikuliona.

Mimi sikuulizi ya kwako. Nakuomba kitu kimoja. Kama mnakuja, mwambie akae, utasimama wewe. Kama hamji, mwambie hamji, atalia, lakini atakaa. Anayemsimamisha ni wewe.

Persida, mke wa Milisav


Linz, 2 Desemba

Mama,

Nisikilize. Mwaka huu unakaa. Slava ni yangu, baba aliniachia mimi, na wakati umefika niichukue. Nitasimama mimi, nitamimina mimi, nitaukata mkate na padri mimi. Wewe utakaa mezani kama malkia na utahudumiwa.

Mpaka nifike usipande ngazi, usibebe kuni, usisimame juu ya ule mguu. Nakuomba.

Vidoje


Gornja Vrela, 21 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Usijali. Najua njia zilivyokuwa. Nimemwambia kila mtu kwamba theluji imefunga barabara upande wa Austria, wakasema wamesikia hivyo kwenye redio.

Slava ilipendeza. Watu walijaa, viti havikutosha. Padri akasema mkate kama ule hajaukata mwaka huu katika nyumba yoyote. Samaki walitoka rangi ya dhahabu. Kila aliyekuja aliuliza habari zako, nikawaambia unasimamia magari yote ya kampuni sasa.

Barua yako ya kuichukua slava niliipata, nikaibusu. Niliiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola, ipo pale. Sijui kama nilikuandikia jibu. Nilikuwa na kazi nyingi. Ulisema unaichukua, basi ilikuwa lazima nyumba yako iwe inang'aa, huwezi kukabidhiwa slava kwenye nyumba yenye vumbi. Nilisugua sakafu zote, nikabeba meza kubwa kuipeleka sebuleni kwako ili mkate ukatwe kwako mara ya kwanza. Nilikusubiri mpaka padri akasema chakula kinapoa.

Nilisimama, Vidoje. Tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho. Sikukaa hata kidogo.

Biljana aupumzishe mgongo wake, safari ndefu si nzuri kwake.

Mama


Gornja Vrela, 21 Desemba

Vidoje, postamani atazichukua barua zetu mbili pamoja, na najua yake imeandikwa nini.

Tulikuwa watu wanne. Padri, Milisav, mimi na yeye. Sebule yako ile kubwa, haijawahi kuwashwa moto, pumzi zetu tulikuwa tunaziona. Sahani zenu nne zilikuwa kwenye meza. Mkate aliuzungusha na padri kabla ya kuukata, mikono yake miwili tu pale ambapo panatakiwa mikono ya nyumba nzima. Halafu akaanza kuhudumia. Kwetu kidogo, kwenye sahani zenu zaidi. Anaweka samaki, anangoja, anaondoa, anaweka maharagwe, anangoja. Anasema, "Vuk huyu hali, anakunywa juisi kwanza." Padri akatazama mikono yake.

Alipokuwa anatoka jikoni na sinia, kifundo kililala ubavu. Mlio wake tuliusikia wote, kama mtu amekanyaga kuni kavu. Akautazama mguu kama unavyotazama mguu wa kiti, akaurudisha chini, akaja na sinia yake. Milisav alimsogezea kiti. Akamwambia, "Milisav, kaa wewe, wewe ni mgeni." Akaendelea hivyo mpaka jioni, ameshika ukingo wa meza, na sisi hatukuweza kuondoka kwa sababu alituambia mnakaribia.

Jana nilimpeleka hospitali ya mjini. Mfupa umepasuka na kifundo kimekwisha, hakuna tena kitu cha kushika. Dawa yake ni kuiunganisha mifupa kwa vyuma, lakini moyo wake wameupima, hautahimili usingizi wa upasuaji. Wamempa plasta na kiti cha magurudumu. Kiti amekiweka nje kwenye simba.

Nilikuomba neno moja kati ya mawili, ukampa la tatu. Sikulaumu, sina watoto, sijui mtu anamwambiaje mama yake.

Persida


Linz, 5 Januari

Mama,

Biljana aliondoka mwezi wa Juni. Yuko Graz na watoto, na mtu mwingine. Teodora hapokei simu yangu. Mimi nalala kwenye chumba cha kampuni na Mkroatia yule wa goti, vitanda viwili na dirisha linaloangalia gereji. Magari ya kampuni sisimamii, naendesha moja.

Tarehe kumi na nane Desemba, mkesha wa slava, nilikuwa kituo cha basi. Nilikuwa na tiketi, na chupa ya mvinyo wa slava ndani ya koti. Nikaanza kuhesabu sahani utakazoweka. Basi likaondoka na mimi nimesimama pale.

Nilikuambia ukae kwa sababu nilijua hukai usipoamini nakuja. Sikujua kwamba ukiamini ndiyo hutakaa kabisa.

Sijui nikuombe nini.

Vidoje


Gornja Vrela, 2 Februari

Mshipa umeamka. Uliamka wiki iliyopita, Vidoje, na umeamka na njaa. Kote nilikoutembeza huku umelala, makaburini, rasiberi, ngazi zako, sasa unanidai kwa pamoja. Nauma shuka ili Persida asisikie kupitia ukuta, maana siku hizi analala hapa, amekuja na mto wake na ananiudhi kila siku kwa chai yake nyepesi.

Ya Biljana nilijua. Hakuna aliyeniambia. Tangu kiangazi maua ya Teodora yaliacha kuja, na wewe uliandika "wanakusalimu" kwa maneno yale yale, kama mtu anayegonga mhuri. Ningekuuliza, ungenijibu, na ningelazimika kumsomea Persida. Basi sikuuliza. Nilifikiri nikiosha madirisha ya kutosha mtaona aibu kutokuja.

Yule daktari wa vidole vyembamba nilimpigia simu, Persida alinisukuma kwenye kiti hadi kilimani, akanishikia simu mahali inaposhika. Nikamwambia anigandishe tena. Akasema anaweza, lakini kwa kukaa tu, ili nilale bila maumivu. Kusimama hakupo tena, hata mguu ukinyamaza, hauna cha kusimamia. Nikamuuliza, basi mnigandishe kwa ajili ya nini? Kukaa naweza hata ukiuma. Ni mtoto mzuri, nilimwambia aolewe na mtu wa hapa hapa nchini.

Simba mmoja amepasuka kwa barafu, sikio lake limeanguka. Nyumba nimeifunga, ufunguo uko kwa Milisav. Mashuka ya watoto nimeyaacha kitandani, ngazi siwezi tena kwenda kuyatoa.

Wewe huna cha kuniomba. Mimi ndiye nitakayekuomba. Mtakatifu Nikola ana siku yake ya pili, ya kiangazi, slava ndogo, unaikumbuka, baba yako alikuwa anachinja kondoo maana mfungo haupo. Kwenye slava haalikwi mtu, anayejua njia huja mwenyewe. Lakini wewe nakuandikia, kana kwamba njia umeisahau. Njoo peke yako. Sitatoa sahani nne, nitatoa moja. Tutafanyia kwenye nyumba ya zamani. Nitakuwa nimekaa mkabala na mlango, na mtu wa kusimama sina.

Persida nimemwambia mnakuja wote wanne. Amesema vizuri, atatuazima viti. Hakuniangalia usoni, akaenda kuchemsha chai yake.

Mwaka huu inaangukia siku ile ile, haihami. Ni tarehe ishirini na mbili Mei.

Mama yako,
Krunija